Siku ya somo wetu, tumsikie na yeye mwenyewe

Mwana wa Mwambao (mwanzisha uzi)

Tumsifu Yesu Kristo, wadau. Na kwa wasio wa upande wetu, habari za jioni.

Naandika nikiwa Bagamoyo, Magomeni. Jumuiya yetu somo wake ni Mtakatifu Monika, kwa hiyo kila tarehe 27 Agosti tuna shughuli. Mnaozijua jumuiya ndogondogo mnajua siku hiyo inavyokwenda. Asubuhi Misa, kitenge cha sare, halafu jirani yetu Mwislamu anaitwa achinje ili mtaa mzima ule bila wasiwasi, na kufika saa nane sufuria za pilau zinafunuliwa. Kati ya kula na kuchangia, mtu mmoja anasimama na karatasi kusoma "wasifu wa somo wetu". Alizaliwa, akaolewa, akalia miaka mingi, mwanawe akaongoka, akafa. Makofi, vigelegele, tunaendelea na ratiba.

Mwaka juzi karatasi hiyo nilipewa mimi. Mtu alikuwa ameipakua mtandaoni. Nilipofika katikati nikakuta inasema Monika alikuwa na jeraha la mwiba kwenye paji la uso. Nikanyamaza kidogo, maana hiyo ni habari ya Mtakatifu Rita wa Kashia, aliyeishi zaidi ya miaka elfu moja baadaye! Nikairuka sentensi ile. Hakuna aliyegundua, na hilo ndilo lililoniuma. Tungeweza kusomewa habari za mtakatifu yeyote na tukapiga makofi yaleyale.

Nilikwenda kutafuta. Monika hakuacha barua wala kitabu, lakini aliacha mtoto anayejua kuandika. Augustino, katika Maungamo yake, aliandika habari za mama yake yapata miaka 10 baada ya kumzika, na yale si masimulizi ya mbali, ni mtoto anamsema mama aliyemnyonyesha. Kuna ukurasa mmoja kwenye kitabu cha sita uliokuwa kama umeandikiwa sisi. Anasema huko kwao Afrika mama yake alizoea kwenda makaburini mwa wafiadini siku za kumbukumbu zao akiwa na kapu: uji mzito, mkate na divai. Alikuwa na kikombe kimoja kidogo, divai yake imetiwa maji, akikizungusha kaburi hadi kaburi na kugawana na wenzake mafunda madogo, kwa sababu alikwenda kusali, hakufuata kunywa. Alipofika Milano akafanya vilevile. Bawabu akamzuia. Akaambiwa askofu Ambrosi amepiga marufuku, asije mlevi akapata kisingizio, na pia kwa kuwa ilifanana mno na matambiko ya wapagani kwa wafu wao.

Monika hakubishana. Augustino anasema mama yake akajifunza kwamba, badala ya kapu lililojaa mazao ya nchi, aende kwa wafiadini na moyo uliojaa sala safi, na kile alicho nacho awape maskini. (Tafsiri ni yangu, kutoka Kiingereza.)

Mwaka uliofuata nilisoma ukurasa huo badala ya wasifu. Nilisoma taratibu, mara mbili. Mama mmoja ambaye kila mwaka ndiye anayesimamia jiko alikuwa amekaa mkekani na mwiko bado uko mkononi. Akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe naye alikuwa anabeba chakula." Tangu siku ile, kabla ya kupakua pilau, sahani kumi na mbili za kwanza zinafungwa na kupelekwa kwa wagonjwa wa mtaa wetu, wawe wetu au wa dini nyingine. Hakuna aliyehubiri juu ya hilo. Aliamua yeye, palepale jikoni.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Kiswahili kimetupa neno moja kwa mambo mawili: somo ni mtakatifu tuliyepewa jina lake, na somo ni kile kinachosomwa. Tena hapa mwambao somo ni yule anayemfunda mwali. Sasa somo asiyefungua mdomo atamfundaje mwali? Siku ya sikukuu tunamsifu mtakatifu kutwa nzima na hatumpi hata dakika tano aseme neno. Na maneno yapo. Mababa wa Kanisa wa karne zile za mwanzo waliandika barua, walihubiri, wengine waliandika wakiwa gerezani. Tuyasome, siku za sikukuu zao.

Binti Dunda

Milele amina, kaka. Umenigusa, ila nina swali. Maandiko hayo si ndiyo yaliyomo kwenye Kipindi cha Masomo, kile wanachosali mapadre na masista? Sisi walei tunaruhusiwa kweli, au ndiyo tutaambiwa tumejipandisha? Jumuiya yetu somo wetu ni Watakatifu Perpetua na Felista, na sikukuu yao ni 7 Machi.

Mwana wa Mwambao

Dada, usiogope kabisa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kwenye hati ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, unawahimiza walei nao wasali Sala ya Kanisa, pamoja na mapadre, au wao kwa wao, au hata mmoja peke yake. Hati hiyohiyo inaagiza masomo ya Mababa yachaguliwe vizuri, na habari za mateso ya wafiadini na za maisha ya watakatifu zirudishwe zilingane na ukweli wa historia. Hilo la pili nalipenda sana. Yule mwiba wa Rita ungeondoka.

Na wewe umebarikiwa kwa somo, dada yangu! Perpetua aliandika mwenyewe. Alikufa Karthago mwaka 203, akiwa na umri wa miaka kama 22, mwanamke wa ukoo bora, msomi, na mtoto mchanga bado ananyonya. Alipokuwa mahabusu aliandika kwa mkono wake yaliyompata, na mtu mwingine aliyeshuhudia akamalizia habari ya kifo chao. Maandishi ya mwanamke Mkristo wa zamani kiasi hicho ni haba mno duniani. Sisi tunayo, na tunapiga ngoma tu.

Msome mwanzoni pale baba yake anapomwendea kumsihi akane. Anamwonyesha chombo, mtungi hivi, na kumwuliza: "Baba, unakiona chombo hiki? Kinaweza kuitwa kwa jina lingine lisilo lake?" Baba akajibu hapana. "Basi na mimi siwezi kujiita kitu kingine ila kile nilicho, Mkristo." Halafu soma anapoeleza gereza: giza ambalo hajawahi kuliona, joto la watu waliosongamana, na wasiwasi juu ya mtoto aliyekuwa amelegea kwa njaa. Akaruhusiwa kukaa naye mle ndani. Anasema gereza likamgeukia ghafla kuwa kama ikulu, hata asitake kuwa mahali pengine popote.

Felista alikuwa mjakazi. Hapa Bagamoyo sina haja ya kueleza neno hilo. Njia ya misafara ya pembe na watumwa iliishia kwenye ufuo wetu huu, na mapadre wa Roho Mtakatifu walipoanzisha misheni mwaka 1868 waliwakusanya waliokombolewa wakawajengea kijiji. Felista alikuwa na mimba ya miezi minane. Uchungu ukamshika gerezani, na askari mmoja akamdhihaki: wewe unayelia hivi sasa, utafanyaje mbele ya wanyama? Akamjibu kwamba sasa anayeteseka ni yeye mwenyewe, lakini kule atakuwamo mwingine ndani yake atakayeteseka kwa ajili yake, kwa kuwa naye atateseka kwa ajili ya huyo. Akajifungua mtoto wa kike, dada mmoja Mkristo akamlea kama bintiye.

Uwanjani waliachiliwa ng'ombe jike mkali. Perpetua akarushwa, akaanguka, akajifunika nguo iliyochanika. Alipoinuka akamwona Felista amelala chini. Akamwendea, akampa mkono, akamwinua, wakasimama wote wawili pamoja. Mwungwana na mjakazi. Na ukisikiliza Sala Kuu ya Ekaristi ya Kwanza, orodha ya wanawake inaanza na Felista, ndipo Perpetua.

Yapata miaka 200 baadaye Augustino alihubiri kwenye sikukuu yao akacheza na majina: Perpetua ni ya milele, Felicitas ni raha. Ukiyaunganisha kwa Kiswahili unapata maneno tunayowaombea marehemu wetu kila siku. Niliposoma hapo nilikiweka kitabu chini kwa muda.

Mpita njia

Mkuu, hongera kwa uzi, lakini hao wote si Wazungu wa Roma? Sisi tuna watakatifu wetu wa Uganda, wanatutosha.

Mwana wa Mwambao

Karibu, ndugu. Karthago iko Tunisia ya leo. Augustino alizaliwa Thagaste, Algeria ya leo, na Monika ni mama wa hukohuko. Sipriani alikuwa askofu wa Karthago. Atanasi ni wa Aleksandria, Misri. Barani humuhumu.

Tena, hati ya Kilatini ya Kikristo ya zamani kuliko zote yenye tarehe inayojulikana ni ya wafiadini 12 wa Scilli, wanaume na wanawake, waliohukumiwa Karthago tarehe 17 Julai 180. Ni fupi, karibu ukurasa mmoja na nusu, maswali ya liwali na majibu yao. Liwali anamwuliza mmoja wao, Sperato: mna nini humo kwenye kasha lenu? Anajibu: vitabu, na barua za Paulo, mtu mwenye haki. Fikiria, wanapelekwa kufa na kasha la vitabu wamelibeba.

Na Karoli Lwanga na wenzake, wewe huwatengi na hawa hata ukitaka. Papa Paulo VI alipowatangaza watakatifu, tarehe 18 Oktoba 1964, aliwataja katika mahubiri yake wafiadini wa Scilli na wa Karthago, akawaunganisha na hawa wa Uganda kama ukurasa mpya wa kitabu kilekile. Mahubiri hayo ndiyo yanayosomwa 3 Juni, sikukuu yao.

Jirani Mwema

Asalaam aleikum majirani. Mimi ndiye (au mmojawapo) wa wale mnaowaita kuchinja, haha. Nataka kusema tu kwamba nilivyosoma uzi huu nimekumbuka maulidi. Kwetu maulidi husomwa. Yana maandishi yake, yana mahali pa kuitikia na mahali pa kusimama, na mtoto wa madrasa anayajua kabla hajajua maana. Siku zote nilidhani kwenu hakuna kitu cha namna hiyo, ni hotuba na kwaya tu.

Mwana wa Mwambao

Waaleikum salaam, jirani. Umesema jambo ambalo nimelitafutia maneno muda mrefu. Kwetu lilikuwepo tangu mwanzo, tumelisahau.

Polikarpo alikuwa askofu wa Smirna, Uturuki ya leo, mzee sana, akachomwa moto katikati ya karne ya 2. Kumbukumbu yake ni 23 Februari. Watu wa kanisa lake waliandika barua kulielezea kanisa jingine yaliyotokea. Askari walipomfuata usiku aliagiza waandaliwe chakula na kinywaji, akaomba saa moja tu ya kusali. Liwali akamtaka amtukane Kristo aachiliwe. Jibu lake: "Miaka themanini na sita nimemtumikia, hajanitendea baya lolote. Nitawezaje kumtukana mfalme wangu aliyeniokoa?"

Halafu moto. Wanasema, sisi tuliojaliwa kuona tuliona: miali ikajipinda kama kuba, kama tanga la chombo lililojazwa upepo, ikauzunguka mwili wa mfiadini, naye katikati hakuwa kama nyama inayoungua, alikuwa kama mkate unaookwa.

Hapo niliposoma, mzee mmoja wa jumuiya yetu aliyemaliza ujana wake kwenye majahazi ya Unguja aliniomba nirudie. Nikarudia. Akainua mikono yote miwili, akaipinda, kuonyesha tanga linavyotuna upepo wa kusi unapoingia, akasema, "Aliyeandika hapo alikuwa amesafiri." Hakusema zaidi. Watoto wakaanza kuipinda mikono yao nao. Mpaka leo ukiwauliza Polikarpo ni nani, wanakuonyesha tanga.

Na mwisho wa barua, jirani, ndipo jibu lako lilipo. Wanasema waliiokota mifupa yake, yenye thamani kuliko vito, wakaiweka mahali panapofaa, na kwamba hapo watakusanyika kwa furaha kuadhimisha siku ya kuzaliwa kwake kwa njia ya kifodini, ili kuwakumbuka waliokwisha kupigana na kuwaandaa watakaokuja. Sikukuu za watakatifu tunazofanya hadi leo zimeelezwa pale, na waliomzika mtu wao. Barua yenyewe iliandikwa isomwe, wakaomba ipelekwe na kwa ndugu walio mbali zaidi.

Katekista Mstaafu

Mwanangu, nimefundisha dini miaka mingi na nimefurahi. Lakini angalia mawili. Kwanza, wazee wanazipenda zile hadithi za miujiza, usiwanyang'anye. Pili, masomo ya Mababa ni marefu na mazito. Na jumuiya zenye masomo ambao hawakuandika chochote zifanyeje?

Mwana wa Mwambao

Shikamoo katekista. Yote ni kweli, na la urefu limenikuta. Niliwahi kusoma kurasa sita za Sipriani usiku wa 16 Septemba, umeme ukakatika, nikaendelea kwa tochi ya simu. Nilipomaliza watoto wote walikuwa wamelala na akina mama wawili wameshaondoka. Kosa lilikuwa langu. Ningesoma mistari michache tu ya hukumu yake: liwali anasoma kwamba Sipriani auawe kwa upanga, naye anajibu, "Deo gratias", Mungu ashukuriwe, kisha anaagiza yule atakayemkata kichwa apewe sarafu 25 za dhahabu. Ingetosha kabisa. Sasa sizidishi nusu ukurasa, nausoma mara mbili, tunakaa kimya kama muda wa Baba Yetu tatu, na hakuna mtu anayefafanua baada yangu. Anayetaka kusema aseme lililomgusa. Tafsiri namwonyesha paroko kwanza.

Miujiza siinyang'anyi. Ila naona wazee wetu wanapenda kitu kilichoonwa na macho, iwe muujiza au mkono uliomwinua mjakazi. Ndoto ya Perpetua yenyewe ina ngazi ya shaba inayofika mbinguni, pembeni imechomekwa mapanga na mikuki, na chini amelala joka. Anamkanyaga kichwa kama kidato cha kwanza, anapanda. Wazee wataipenda hiyo.

Wasioandika: angalia nani alihubiri siku yao. Laurenti, 10 Agosti, hakuacha maandishi, lakini Augustino anasema kwenye sikukuu yake kwamba bustani ya Bwana haina mawaridi ya wafiadini peke yake, ina mayungiyungi ya mabikira, na mimea itambaayo ya wenye ndoa, na urujuani wa wajane. Tuna wajane saba kwenye jumuiya, na walipenda kusikia kwamba wametajwa. Tomaso, 3 Julai, Gregori Mkuu anasema kutoamini kwake kumetufaa zaidi kwa imani yetu kuliko imani ya wanafunzi walioamini. Ana na Yoakimu, 26 Julai, ni wagumu zaidi. Majina yao hayamo kwenye Biblia, yametoka kwenye maandishi ya karne ya 2 ambayo Kanisa halikuyaingiza katika Maandiko Matakatifu. Siku yao husomwa Yohane wa Damasko.

Msomaji wa Muheza

Habari za huko Bagamoyo. Mimi ni Mwanglikana, Muheza, Tanga, na Mababa hawa ni wa wote. Naomba kitu kifupi cha Yohane Krisostomo, tuna wavuvi wengi upande wa Tanga mjini.

Mwana wa Mwambao

Salama kabisa, ndugu. Krisostomo ana maneno kamili kwa ajili yenu, aliyoyasema alipokuwa anakaribia kupelekwa uhamishoni: "Mawimbi ni mengi, dhoruba ni kali, lakini hatuogopi kuzama, kwa kuwa tumesimama juu ya mwamba. Bahari na ichafuke, haiwezi kuuvunja mwamba. Mawimbi na yainuke, hayawezi kulizamisha jahazi la Yesu." Alifia njiani akisukumwa mbali zaidi, mwaka 407. Kwetu sikukuu yake ni 13 Septemba.

Binti Dunda

Wadau, narudi na mrejesho. Jana ilikuwa 7 Machi.

Tulikusanyika baada ya magharibi uani kwa mwenyekiti. Nilichagua pale pa gereza na pale pa Felista, basi. Nilimpa asome binti mmoja wa kidato cha tatu, ana sauti nzuri na hana haraka. Alipofika kwenye mtoto aliyelegea kwa njaa, kulikuwa na mama kijana mbele yangu ananyonyesha. Akamtoa mtoto kwenye ziwa, akamtazama usoni, akamrudisha. Nilimwona. Binti akasoma hadi mwisho, akarudia mara ya pili kama ulivyoelekeza, tukanyamaza.

Kimya kilikuwa kirefu, tulikuwa tunasikia bahari. Nilidhani hakuna atakayesema. Ndipo bibi mmoja, mzee kuliko sote, akasema kwamba bibi mzaa bibi yake alifika pwani hii na kamba shingoni, akakombolewa, akalelewa na masista wa misheni, na kwamba hakuwahi kulisema jambo hilo mbele ya watu kwa sababu utotoni walichekwa. Akauliza, "Huyo Felista ndiye anayetajwa kwenye Misa?" Nikamwambia ndiye, bibi, tena anatajwa wa kwanza. Akasema, "Nisomeeni tena hapo alipoinuliwa."

Hatukuwa tumeandaa ukurasa wa uwanjani. Nikaufungua uzi huu kwenye simu, nikamsomea maneno yako kaka, yale ya mkono. Kisha tukala.